Siku Mama Alipolala Juu ya Maji

Sogeeni karibu, mkae vizuri, mniazime masikio. Huyu ni Kazija, mtoto wa Mkunguni, kijiji kilicho ukingoni mwa bahari.

Kazija ana macho makubwa na miguu myembamba. Meno yake ya mbele yameng'oka, kwa hiyo akisema "samaki", unasikia "thamaki".

Mama yake ni mkulima. Lakini shamba lake halina udongo. Halina jembe. Halina hata panya wa kuiba mahindi.

Shamba la mama liko baharini. Mama analima mwani.

Mwani ni mmea wa majini. Hauna maua, wala hauna mizizi ya kuchimba chini. Unaota jua, unakunywa maji ya chumvi, unanenepa.

Maji yakitoka, mama hujifunga kanga kiunoni. Hubeba kamba zake, huyo shambani. Kazija humfuata nyuma.

Chapu, chapu, chapu. Miguu mikubwa mbele, miguu midogo nyuma.

Shambani kuna vijiti vilivyochomekwa mchangani. Kutoka kijiti hadi kijiti kuna kamba. Kwenye kamba, mama hufunga vipande vidogo vya mwani, kimoja hapa, kingine pale, kama nguo za mtoto zilizoanikwa.

Halafu maji hurudi. Hufunika vijiti, hufunika kamba, hufunika shamba lote. Mwani hubaki chini, unacheza.

Maji yaja, chwaa.
Maji yaenda, chwaa.
Mwani wacheza, mwani upo.

Basi siku moja mama alimpa Kazija kamba yake mwenyewe. Ilikuwa fupi kuliko kamba nyingine zote. Kazija aliiona ndefu sana.

Kazija akachukua kipande cha mwani. Akakifunga. Kikaanguka, tubwi.

Akakifunga tena. Kikaanguka tena, tubwi.

Mama hakucheka. Alichuchumaa majini, akaishika mikono ya Kazija kwa mikono yake.

"Pitisha," mama akasema. "Zungusha. Kaza."

Kazija akapitisha. Akazungusha. Akakaza, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo. Kipande hakikuanguka.

Tangu hapo, kila maji yalipotoka, Kazija alikwenda kuiamkia kamba yake. Aliiambia habari za nyumbani. Aliiambia kwamba kuku wa jirani ametaga juu ya baiskeli ya baba.

Na kamba ya Kazija haikukaa peke yake. Kaa mdogo alijificha chini yake. Kiti cha pweza, mnyama wa umbo la nyota mwenye mikono mitano, alilala karibu yake. Samaki wadogo waitwao tasi walikuja kutafuna ncha za mwani, nyam, nyam, nyam.

Kazija aliwafukuza tasi kwa mikono miwili. Mama akamwambia awaachie kidogo. Hata wao, alisema, wanahitaji kitu cha asubuhi.

Basi Kazija akawaachia kidogo. Kidogo tu.

Mwani ukanenepa. Kamba ya Kazija ikaanza kuinama kwa uzito.

Halafu likaja joto.

Jua liliwaka. Upepo ulitulia. Maji ya shambani, ambayo hayakuwa na kina, yakapata joto kama maji ya kumwogeshea mtoto.

Kazija alipokwenda kuiamkia kamba yake, alisimama ghafla. Ncha za mwani wake zilikuwa nyeupe.

Siku iliyofuata, weupe ulikuwa umeshuka hadi katikati. Kazija akagusa tawi moja kwa kidole. Tawi likakatika, likaenda zake na maji.

Kazija aliita, "Mama."

Mama akaja. Akainama, akatazama, akashusha pumzi. Kisha akamweleza Kazija kwamba mwani umeshikwa na joto. Ni kama mtoto mwenye homa. Ukikaa kwenye maji ya moto, unapauka, unavunjikavunjika.

Kazija akauliza kama iko dawa.

Mama alisema dawa ni maji ya baridi.

Kazija akauliza maji ya baridi yako wapi.

 Mama alinyoosha mkono, akaonyesha mbali, mbali kabisa, pale ambapo bahari inaacha kuwa kijani na kuanza kuwa buluu.

"Kule," mama akasema. "Kwenye kina."

Akaushusha mkono wake. Wakarudi nyumbani.

Jioni ile kina mama wote wa mwani walikutana penye chanja za kuanikia. Kazija alikaa mapajani mwa mama, akasikiliza.

Mwani wa kila mmoja ulikuwa unapauka. Kina mama walikubaliana kuhamisha kamba zao. Watazipeleka kule kwenye kina, wazining'inize kwenye maboya, mwani uelee ndani ya maji ya baridi.

Lakini kule kwenye kina, miguu haifiki chini. Kwa hiyo ni lazima kila mtu ajue kuogelea.

Dada Shemsa alikuwepo. Dada Shemsa ni msichana wa kijiji cha pili, na kazi yake ni kufundisha watu kuogelea. Aliwaahidi kina mama kwamba atawafundisha wote, polepole, mpaka waweze.

Bi Riziki, jirani yao, alisema yeye hana wasiwasi. Kwa unene wake, alisema, ataelea kuliko boya. Kina mama wakacheka mpaka wakafuta machozi kwa kanga.

Mama yake Kazija hakucheka. Alikuwa anatazama vidole vyake.

Asubuhi, kina mama wakaingia majini na Dada Shemsa. Kila mmoja alikumbatia dumu tupu. Walipiga miguu, pu, pu, pu, maji yakaruka hadi juu ya vilemba vyao.

Mama yake Kazija hakwenda. Alibaki kwenye shamba la zamani, maji yakiwa magotini. Alikuwa anafunga mwani ambao ulikuwa unakatika.

Pitisha, zungusha, kaza. Ukakatika.

Pitisha, zungusha, kaza. Ukakatika.

Kazija alimwangalia mama. Akawaangalia wale wengine kule mbele, wakipiga miguu. Akamwangalia mama tena.

Walipokuwa wanarudi nyumbani, Kazija alishika kidole cha mama.

"Mama, unaogopa?"

Mama alipunguza mwendo.

"Naogopa, mwanangu," akasema.

Kazija alishangaa. Hakujua kwamba mama huogopa. Mama hakuogopa mende. Hakuogopa radi. Hakumwogopa hata yule jogoo mkali wa Bi Riziki.

Basi mama akamsimulia. Alipokuwa mdogo, mdogo kama Kazija, wimbi lilimpiga likamwangusha. Maji yaliingia puani, yakaingia masikioni. Hakujua juu ni wapi wala chini ni wapi. Babu, baba yake mama, alimkamata gauni akamtoa.

Tangu siku ile, mama hakukubali maji yapite kiuno chake.

Kazija alifikiri. Alifikiri wakati wa kula. Alifikiri wakati wa kuoga. Alifikiri mpaka usingizi ukamchukua.

Sasa nitawaambia jambo. Kazija alijua kuelea.

Nyuma ya mawe ya pwani kulikuwa na dimbwi. Maji yakitoka baharini, dimbwi hubaki na maji yake, yametulia kama maji ya kwenye beseni. Watoto wote wa Mkunguni hujifunzia pale, mkubwa humshika mdogo.

Kulipokucha, Kazija akamwambia mama twende dimbwini. Mama akauliza kwenda kufanya nini.

Kazija akasema, "Kukaa tu."

Wakaenda. Maji ya dimbwi yalimfika Kazija kitovuni. Mama akaingia, akakaa kwenye mchanga, maji yakamfika mabegani. Mikono yake ilishika jiwe.

Wakakaa tu.

Baadaye Kazija alisimama nyuma ya mama. Akaweka viganja vyake viwili kichwani kwa mama, pale nyuma, kisogoni.

"Lala, mama. Nimekushika."

Mama akasema hapana. Kichwa chake ni kizito, alisema, na mikono ya Kazija ni midogo.

Kazija alisema maji nayo yatasaidia kubeba.

Mama akalala kidogo. Shingo yake ilikuwa ngumu kama mchi. Mara akainuka, pwaa, mtandio umekwenda upande, maji yanamtiririka usoni.

Kazija hakucheka. Alimpangusa mama macho. Akaweka tena viganja vyake palepale.

Akaanza kuimba, taratibu, sauti ndogo.

Maji yaja, chwaa.
Maji yaenda, chwaa.
Mwani wacheza, mwani upo.

Mama akalala tena. Miguu yake ikainuka kidogo kutoka kwenye mchanga. Akainuka tena, pwaa.

Wakajaribu tena. Na tena. Kaa mmoja alitoka penye jiwe, akawatazama, akarudi ndani.

Kisha Kazija akamwambia mama azamishe masikio. Masikio tu, pua ibaki juu. Alisema chini ya maji kuna sauti.

Mama akafumba macho. Akayashusha masikio yake majini, polepole, polepole.

Tiki. Tiki tiki. Tiki tiki tiki.

Mama akafumbua macho. Aliuliza nani anakaanga kitu huko chini.

Kazija alisema ni wadudu wadogo wa kwenye mawe. Wanagonganisha vikucha vyao, mchana kutwa.

Maisha yake yote mama alifanya kazi baharini. Hakuwahi kusikia sauti ile. Hakuwahi kuzamisha masikio yake.

Akazamisha tena, asikilize vizuri.

Tiki tiki. Tiki. Tiki tiki tiki.

Alisikiliza, akasikiliza. Shingo ikalegea. Mabega yakalegea. Vidole vyake vikaliachia jiwe.

Kanga yake ikatanda juu ya maji. Miguu yake ikapanda yenyewe, taratibu, mpaka vidole vya miguu vikachungulia juu.

Kazija akatoa kiganja kimoja.

Akatoa na cha pili.

"Mama," akasema karibu na uso wake. "Sijakushika."

Mama hakuruka. Hakushika jiwe. Alilala pale juu ya maji, akitazama mbingu, na tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo wake likaenda hadi upande wa pili.

Kesho yake mama alikwenda kwa Dada Shemsa.

Dada Shemsa alimwambia avae suruali, kwa sababu gauni refu huvuta miguu chini. Alimfunga mtandio vizuri, usimwingie machoni. Alimpa dumu tupu alikumbatie.

Mama akapiga miguu, pu, pu, pu.

Kujifunza kulichukua muda. Kuna siku mama alikunywa maji ya chumvi akakohoa sana. Kuna siku alirudi ufukweni katikati ya somo, akakaa mchangani, akasema basi tena.

Siku hiyo Bi Riziki alitoka majini akaja kukaa naye. Alikuwa anahema. Alimwambia mama kwamba ule unene wake haujamsaidia kitu, kwamba naye anaogopa, ila huwa anaongea sana ili watu wasione.

Mama na Bi Riziki wakatazamana. Wakainuka. Wakarudi majini wameshikana mikono.

Na siku moja mama aliliachia dumu. Aliogelea kutoka kwenye mtumbwi mpaka kwenye boya. Akalishika boya, akaogelea kurudi.

Jioni alimwambia baba habari ile mara nyingi. Baba alisikiliza kila mara kama ndiyo mara ya kwanza.

Sasa ikabaki kamba ya Kazija.

Mwani wake mwingi ulikuwa umekwisha. Kazija na mama waliikagua kamba yote, kipande kwa kipande. Cheupe, wakatupa. Cheupe, wakatupa.

Halafu Kazija akaona kijani. Kilikuwa kipande kidogo kama kidole chake. Mbele akaona kingine. Mbele zaidi, kingine tena.

Walivikusanya vyote kwenye ndoo ya maji safi ya bahari. Wakavifunga kwenye kamba mpya.

Pitisha, zungusha, kaza. Havikukatika.

Asubuhi ya kwenda kwenye kina, mtumbwi ulijaa kamba na maboya. Kazija alitaka kupanda. Mama akamwambia bado ni mdogo kwa kazi ile, atabaki pwani na baba.

Mama akachukua kamba ya Kazija. Hakuitia kwenye rundo la kamba nyingine. Aliivaa begani.

Mtumbwi ukaenda. Ukawa mdogo. Ukawa mdogo zaidi. Ukafika pale bahari inapokuwa buluu.

Kazija aliona watu wakishuka majini, mmoja mmoja. Kutoka mbali, kichwa cha mama kilikuwa kama kifuu cha nazi.

Wimbi likapita. Kichwa kikapotea.

Kazija alishika mkono wa baba kwa nguvu. Baba naye alikuwa ameushika wake kwa nguvu.

Kichwa kikaonekana. Wimbi jingine likapita. Kikapotea.

Kazija hakuweza kuimba kwa sauti. Aliimba ndani ya kifua chake, ambapo hakuna anayesikia.

Maji yaja, chwaa.
Maji yaenda, chwaa.

Kichwa kikaonekana tena, safari hii karibu na boya jekundu. Kisha mkono ukapanda juu. Ulikuwa mkono wa mama. Ulipunga, ukapunga, ukapunga.

Begani kwa mama hapakuwa na kamba tena.

Mama aliporudi pwani alikuwa anatetemeka kwa baridi. Midomo yake ilikuwa imepauka, na vidole vyake vimekunjamana kama zabibu. Kazija alimkimbilia akamkumbatia miguuni. Mama alikuwa baridi, baridi, na alikuwa na ladha ya chumvi.

"Maji ya kule ni baridi hasa," mama akamwambia. "Mwani wako utapona."

Wakaanza kungoja.

Kungoja ni kazi ngumu, hasa ukiwa mdogo. Kila mara mama alipotoka kwenye kina, Kazija alimdaka mlangoni kumuuliza habari.

Mama alimwambia mwani umeshikilia vizuri.

Siku nyingine alimwambia tasi wamefika. Wakubwa kwa wadogo, wamejificha katikati ya kamba kama watoto kwenye mapazia.

Siku nyingine alimwambia amemwona farasi bahari, mnyama mdogo kama kidole, amejizungusha mkia kwenye kamba ya Kazija asichukuliwe na maji.

Kazija aliuliza kama farasi bahari naye anakula mwani.

Mama alisema hapana. Anaishi tu pale. Kwake yeye ile kamba ni nyumba.

 Kazija hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaishi kwenye kamba yake.

Hatimaye ikafika siku ya kuvuna. Mtumbwi ulirudi umezama karibu hadi ukingoni, umejaa mwani, kijani na kahawia na zambarau.

Mama akatoa kamba moja fupi. Akamwita Kazija aje aichukue.

Kazija akaivuta. Haikusogea. Akaivuta kwa mikono miwili na visigino vyake vikachimba mchanga. Ikasogea kidogo tu.

Vile vipande vidogo kama kidole vilikuwa vimekuwa vichaka. Kila kichaka kilikuwa kikubwa kuliko kichwa cha Kazija. Alijua hivyo kwa sababu alikiweka kimoja kichwani, kikamfunika hadi mabegani, na baba akajifanya anatafuta mtoto wake amekwenda wapi.

Ndani ya kichaka kingine kulikuwa na kaa mdogo. Kazija alimbeba kwa viganja akamrudisha majini. Kaa hakuaga. Alikimbia kwa ubavu akatoweka.

Matawi mazuri mama aliyaweka pembeni, yawe mbegu, yarudi tena baharini. Mengine wakayaanika kwenye chanja. Jua likayakausha, yakasinyaa, yakawa membamba na magumu, krach, krach, krach. Baba akayapakia kwenye baiskeli kwenda kuyauza.

Mengine Bi Riziki aliyasaga. Akayapika sabuni yenye harufu ya karafuu.

Kisha ikaja siku moja ya bahari tulivu. Hapakuwa na wimbi. Hapakuwa na wingu.

Mama alikuja na jaketi dogo la kuelea, la rangi ya chungwa. Akamvisha Kazija, akafunga kamba zake zote, akazivuta moja moja kuona kama zimeshika. Dada Shemsa alikuwa anawangoja kwenye mtumbwi.

Kazija hakuuliza wanakwenda wapi. Aliogopa akiuliza, watabadili mawazo.

Mtumbwi ukaenda mbele, mbele, mpaka maji yakawa buluu pande zote. Ukasimama karibu na boya jekundu.

Mama akashuka kwanza. Maji yakampokea. Akamnyooshea Kazija mikono.

Kazija alitazama chini. Hakuona mchanga. Hakuona mwisho. Akashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili.

Alisema, kwa sauti ndogo sana, kwamba kina ni kirefu.

Mama hakumwambia usiogope. Alisogea karibu na mtumbwi, akaweka viganja vyake viwili juu ya maji, vimefunguka.

"Njoo," akasema. "Nimekushika."

Kazija akateleza taratibu kutoka kwenye mtumbwi. Maji yalikuwa baridi, yakamkata pumzi kidogo. Kisha jaketi likamwinua, na mikono ya mama ikamwinua, na akawa anaelea.

Mama alimvisha miwani ya kutazamia chini ya maji. Wakalala kifudifudi, bega kwa bega, wameshikana mikono. Wakatazama.

Lo, jamani. Kulikuwa na bustani.

Kamba zilining'inia ndani ya buluu, mstari baada ya mstari. Mwani ulijaa kila kamba, mnene, unang'aa. Jua lilishuka kati ya matawi kama nyuzi. Tasi walipita, wote kwa pamoja wakageuka, wote kwa pamoja wakageuka tena.

Na bustani nzima ilikuwa inacheza, huku, kule, huku, kule, bila haraka.

Maji yaja, chwaa.
Maji yaenda, chwaa.
Mwani wacheza, mwani upo.

Wakatazama mpaka Dada Shemsa akawaita, akisema mabega ya Kazija yameanza kutetemeka.

Waliporudi, baba alikuwa amepika wali wa nazi na mchuzi. Kazija akala sahani yake yote. Akaanza kusimulia habari za tasi, akasinzia katikati ya neno.

Mama akambeba akamlaza. Kwa kuwa mama naye alikuwa amechoka, akajilaza pembeni yake. Jua la mwisho lilikuwa bado ukutani.

Kazija akafumbua jicho moja.

"Mama, kitanda kinayumba."

Ndivyo anavyojisikia mtu aliyeelea mchana kutwa. Mwili unatoka baharini, lakini bahari haitoki mwilini upesi.

Mama alifumba macho, asikilizie. Kweli. Kitanda kilikwenda huku, kikaenda kule, taratibu kabisa.

"Hata upande wangu kinayumba," mama akasema.

Kazija akacheka bila sauti. Akasogea karibu, akaweka kichwa chake kwenye mkono wa mama.

Kitanda kikawayumbisha, kikawayumbisha, mpaka wote wawili wakalala.

Nami nimefika pwani na kisa changu. Aliyesinzia asiamshwe.